Maembe ya Jumatano ya Majivu

Jumatano ya Majivu ya mwaka huu nilimpoteza wifi yangu Nyangeta, katika wodi ya wanawake, hapa Musoma. Sikuwa kando yake. Nilikuwa nyumbani napika maembe.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi wanangu wa kikundi cha juisi mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukifanya na matunda yaliyozidi kuiva, na sitaki mfike mwisho wa karatasi hizi ndipo mlijue. Mimi niliishia darasa la saba, nitaandika ninavyoweza. Lakini sijui kuandika habari za sufuria bila kumwandika mtu aliyekuwa ameshika sikio la pili la sufuria hiyo. Miaka thelathini na kidogo tuliiinua wawili, kila mmoja na tambara lake. Siku hizi nikipika napika kidogo, kiasi ninachoweza kuepua peke yangu.

Nilizaliwa Mugeta. Kwetu nilijua maziwa, mtama na pamba. Matunda tulikula yakiwepo, yasipokuwepo hatukuyaulizia. Magesa aliponioa akanileta mjini, ambako alikuwa fundi baiskeli. Nyangeta alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mwenye meza ya matunda sokoni: ndizi za Tarime, machungwa ya Ukerewe, mapapai na maembe ya Suguti na Butiama. Wiki yangu ya kwanza aliniachia beseni la ndizi akasema, "Zishughulikie hizo." Nikazitazama. Zilikuwa nyeusi tii. Nikachukua beseni, nikaenda kuzimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, nikaliosha na beseni, nikaliegemeza ukutani, nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Jioni akarudi.

"Wifi, ndizi ziko wapi?"

"Nimezitupa, dada. Zilikuwa zimekufa."

Akaweka mkono kiunoni. "Kwenu Mugeta ng'ombe akizeeka mnamtupaga?"

"Hapana. Tunamchinja."

"Nyama yake ikoje?"

"Ngumu. Lakini tunakula."

"Haya. Nenda kamtoe ng'ombe wangu shimoni."

Nilizitoa moja moja, majirani wakitazama. Maganda yalikuwa mazima, ndani hazikuwa zimeguswa na kitu. Tuliziosha kwa maji mengi, akanionyesha. Ndizi ya namna hiyo ukiimenya ni rangi ya asali na inanata. Iponde kwa mkono. Tia unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge liache kung'ang'ania vidole, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sukari usitie, ndizi imeshaitia yenyewe. Tandaza, kata kwa mdomo wa kikombe, kaanga kwa moto mdogo. Moto mkubwa utakupa vikate vyeusi nje na vibichi ndani, na mteja hatarudi hata ukimwita kwa jina la babu yake. Asubuhi vile vikate vilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Nyangeta alinipitishia kimoja alichokuwa amekificha chini ya kitambaa.

Nimemkumbuka sana kwa vitu vya kuficha chini ya kitambaa.

Sasa pua. Ninyi mna friji na blenda, na friji ni jambo jema, sitalisema vibaya. Lakini friji inaficha harufu, na harufu ndiyo mwalimu wa kazi hii. Tunda lishike, linuse pale kwenye kikonyo. Lililoiva kupita kiasi linanukia zaidi ya lilivyokuwa jana, utamu mzito. Lililoanza kuchacha lina kitu kinachochoma kidogo puani. Lililooza halihitaji mafundisho. Nyangeta alikuwa na mabeseni matatu, na hakuyapa majina. Alisema tu, "La kulika, la kupikika, la ng'ombe." Alikuwa akipanga huku amefumba macho, midomo ikichezacheza kama anayesali. Nilimtania siku moja kwamba anasali rozari ya mapapai. Akanijibu bila kufumbua macho, "Wewe endelea tu. Utakuja kuwa wa beseni la tatu."

Mwanzoni tulikuwa tukiona ukungu kwenye papai tunakata pale penye ukungu, panapobaki tunapika. Tulifanya hivyo miaka mingi, nakiri. Siku moja bwana afya alisimama mezani petu akatueleza kwamba kwenye tunda laini ukungu ukiuona juu, ndani umeshatembea. Nilitaka kubishana naye. Nyangeta akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hata nikichemsha sana?" Akaambiwa hata ukichemsha sana. Kuanzia siku hiyo tunda laini lenye ukungu halikuingia sufuriani mwetu. Wapo watakaowaambia bibi zetu walikula na hawakufa. Wengine walikufa, wanangu, ila hatukujua ni kwa nini.

Kosa lililotuuma kuliko yote lilikuwa la maembe. Mwaka mmoja yalizaa mpaka watu wakawa wanayaacha barabarani. Tulisikia kwamba embe likipondwa, likichujwa, likapakwa jembamba kwenye sinia lenye mafuta kidogo na kuanikwa, linakauka kama ngozi na linakaa miezi. Tukaponda siku mbili. Tukachuja kwa kitambaa cha pazia jipya, maana maembe ya kienyeji yana nyuzi kama kamba. Tukapanga masinia juu ya bati, nyumba yetu ikiwa si mbali na ufuko. Jua kali, tukafurahi, tukaenda sokoni.

Mnajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wa nyika inayoungua. Kila mtu wa Musoma anawajua. Sisi pia tuliwajua! Lakini hatukuwafikiria, kwa sababu walikuwa wadudu wa wavuvi, na sisi tulikuwa watu wa matunda. Mchana upepo ukageuka, wakashukia bati letu. Tuliporudi, masinia yote yalikuwa meusi, yanatembea.

Mimi nililia. Nyangeta alipanda ngazi, akatazama muda mrefu, akashuka.

"Basi," akasema, "tumetengeneza maembe yenye kitoweo."

Kisha akacheka mpaka akakaa chini vumbini na miguu ameinyoosha. Magesa akatoka ndani kuuliza nani amefiwa na nani ameoa, maana alikuwa anasikia kilio na kicheko kwa pamoja.

Ndipo tukahamishia kazi ya kuanika Buswahili, kwa mama mkwe wangu, mbali na ziwa. Mama alikuwa akikaa kivulini na fimbo ndefu, anawafukuza kuku huku akiwatukana kwa lugha ya kwao, na sinia moja kila mara lilikuwa limepungua pembeni. Tukimwuliza anasema ni kuku. Tukawa tunasema kuku wa Buswahili wana vidole.

Nitawaambia na ya Bunda, ili msidhani tulikuwa mabingwa. Tulipewa kazi ya juisi ya arusi ya watu wa kanisa lisilogusa pombe kabisa. Mananasi yalikuwa yamelainika, matamu sana. Tulisaga Alhamisi, tukayatia kwenye madumu tuliyoyaosha kwa maji ya baridi tu, tukafunga vifuniko, tukayapeleka Jumamosi. Joto la Bunda mnalijua. Dumu la kwanza lilipofunguliwa lilipiga kelele kama tairi la lori. Mimi nikasema ni joto. Watu wakanywa. Wakaomba tena. Wazee waliokuwa wamekaa kimya tangu asubuhi wakaanza kuimba pambio kwa sauti nne, na mzee mmoja akasimama kumpongeza bibi arusi mara tatu, kila mara kama ndiyo ya kwanza.

Nyangeta akanusa glasi. Akaniangalia. Nilimfinya mkono, nikamnong'oneza, "Nyamaza, dada, wamefurahi." Akauondoa mkono wangu taratibu, akaenda mbele ya meza ya wazazi, akasema wote wakisikia, "Jamani, mtusamehe. Hii juisi imechacha. Kosa ni letu, si la wenye arusi."

Baba mdogo wa bwana arusi akainua glasi yake, akaitazama kwenye mwanga. "Mama," akasema, "imechacha vizuri."

Walicheka, na aibu ikapungua, lakini haikuisha. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Nilimwona amenivua nguo mbele ya watu. Tulipofika Musoma akachemsha madumu mengine usiku uleule? Hapana, naongeza chumvi. Alilala, na mimi nikalala. Ni asubuhi ndipo alipowasha moto, akaweka maji, akasema, "Juisi inasagwa siku inayonyweka. Na chombo kinachemshwa. Hayo mawili, basi." Hakugusia kumfinya kwangu. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au aliliona dogo.

Nataka kuwaambia mengine: kwamba papai laini linalainisha nyama ya ng'ombe mzee, ila dakika ishirini zinatosha, ukisahau utapakua uji wa nyama, kwamba mapera yanachemshwa na maganda yake, kwamba chupa ya jamu inajazwa ikiwa ya moto hadi shingoni, inafunikwa, inapinduliwa kichwa chini. Haya nitawaonyesha kwa mikono, ni rahisi kuliko kuandika. Lililobaki ndilo gumu, na ndilo nililokaa kuandika.

Nyangeta alianza kuugua baada ya Krismasi. Ilikuwa koo, kisha tukaambiwa si koo tu. Mwishoni mwa Januari akalazwa. Mnajua desturi yetu: hatwendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, tunabeba matunda. Na yeye alikuwa amewauzia matunda watu wa Musoma nusu ya maisha yake, kwa hiyo walikuja wengi. Kikabati cha pembeni ya kitanda kilijaa, tukaweka mengine chini ya kitanda. Naye hakuweza kumeza.

Alikuwa akiyapanga kwa pua akiwa amelala. Sauti ilikuwa imebaki ndogo. "Lile papai mpe mama wa kitanda cha pili. Leo. Kesho halifai." Manesi walikula, walinzi walikula, wodi nzima ilikula. Kila jioni nilibeba mfuko kurudi nao nyumbani, na kila asubuhi nilirudi na kitu kwenye kibakuli, nimekiponda, nimekichuja mara mbili, nikitafuta kile kitakachopita kooni. Ndizi ilikataa. Papai lilipita siku mbili, likakataa. Alikuwa anajaribu kwa ajili yangu, nilimwona. Anafungua kinywa kama mtoto anayepewa dawa, kisha machozi yanamtoka kwa ile kazi ya kumeza, kisha ananiambia, "Si mbaya, wifi."

Jumatatu mtu wa Suguti alileta ndoo ya maembe. Hadi Jumanne jioni yalikuwa yameanza kukunjamana. Magesa, ambaye alikuwa analala kwenye benchi la nje ya wodi siku ya nne, aliniita kando.

"Kesho usiondoke," akasema. "Kaa naye."

"Nitakaa."

"Nakuambia usiondoke, mama. Dada anakwenda."

Ningependa kuwaambia kwamba Nyangeta ndiye aliyenituma. Watu wengine nimewaacha waamini hivyo, kwa kunyamaza tu. Hakunituma. Jumatano asubuhi nilikwenda kanisani kupakwa majivu, nikafika wodini, nikakaa kitandani pake kama saa moja. Alikuwa amelala, anapumua kwa kuvuta. Ile ndoo ilikuwa chini ya kitanda, inanukia. Nikajiambia: yakifika kesho ni ya ng'ombe. Nikajiambia: nikiyapika laini kabisa, na ndimu, huenda yakapita. Vyote hivyo vilikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na kingine. Nilikuwa nimechoka kumtazama. Nilitaka kushika mwiko. Nilitaka kuwa mahali ambapo najua la kufanya.

Magesa alikuwa ametoka kutafuta dawa aliyoandikiwa. Nikachukua ndoo nikaondoka.

Nilimenya, nikaponda, nikachuja kwa kitambaa, nikabandika. Nilikamulia ndimu, nikakoroga. Simu nilikuwa nimeiacha ndani juu ya kitanda, maana mikono ilikuwa inanata. Nilikuwa nimefunga siku ile, ni Kwaresima, kwa hiyo sikuonja. Nilikoroga mpaka mwiko ukaacha njia chini ya sufuria, njia inayokawia kufunga. Hapo ndipo huwa tayari. Niwaambie ukweli, nilikuwa na amani. Ndiyo amani ya mwisho niliyoipata, na bado inanisuta. Nikajaza chupa moja ya moto, nikaifunga kwa kanga, nikaingia ndani kuvaa. Nikakuta simu imeita mara sita.

Nilipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka lingine. Magesa alikuwa amesimama dirishani.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Napika maembe."

Akanitazama paji la uso, yale majivu, kisha mikono yangu. Hakusema nami neno siku hiyo, wala kesho yake. Aliongea na waliochonga jeneza, na wenye gari, na padri. Kama kulikuwa na jambo la kuniambia, alimwambia mtu mwingine naye akaniambia.

Ijumaa tulimzika Buswahili. Chupa ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sijui kwa nini niliibeba. Baada ya maziko nilikwenda jikoni kusaidia wanawake, mkoba ukafunguka, shangazi yao akina Magesa akaiona. Akauliza ni nini. Nikamwambia.

"Katupe," akasema. "Chakula cha mgonjwa aliyeondoka hakiliwi."

"Hakuwahi kukiona, shangazi."

"Hata hivyo. Kilipikwa kwa jina lake. Katupe mbali, na usigeuke nyuma."

Nikatoka nayo mkononi. Ilinipasa nipite mbele ya mama mkwe, aliyekuwa amekaa juu ya mkeka, hajala tangu mwili ulipofika. Miaka tisini na kitu, na mwanawe wa kwanza chini ya udongo. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, kama nilivyowaandikia hapa: kwamba Magesa alinikataza, kwamba hakuna aliyenituma, kwamba mwanawe alikufa mimi nikiwa nakoroga maembe ya hiyo chupa.

Mama akanyoosha mkono. "Lete kijiko."

Akala vijiko vitatu, taratibu, macho yamefumba. Shangazi alitoka jikoni akaona, akarudi ndani. Mama akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akanirudishia chupa.

"Mpelekee mume wako. Naye hajala."

Magesa alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya jiwe karibu na zizi, peke yake. Nilisimama mbele yake. Nikamnyooshea chupa na kijiko. Aliitazama. Nilidhani ataitupa, na kama angeitupa ningemwelewa. Akaichukua. Akala kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, anatazama ng'ombe.

"Wewe umekula?" akauliza.

Nikasema bado.

Akanipa kijiko. Nikaonja kwa mara ya kwanza. Yalikuwa makali hadi taya likajikunja: nilikuwa nimekamulia ndimu mara mbili. Yeye hakusema, wala mama hakuwa amesema. Akasogea pembeni ya jiwe, nikakaa, tukala kwa zamu kwa kijiko kile kimoja, mpaka chupa ikaisha.